Gari Lisilo na Udhuru

Mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi Ulaya hufungasha maisha yake kwa orodha. Kampuni ya usafirishaji inaitaka, bima inaitaka, na forodha inaitaka kuliko wote. Friji moja, imetumika. Cherehani moja, imetumika. Masanduku manne ya vitabu. Baiskeli ya mtoto. Kila kilichomo kina wa kukitetea. Hata zulia lililochakaa lina mtu atakayesema kwamba lilikuwa la marehemu baba, au kwamba la namna ile huku halipatikani. Halafu, karibu na mwisho wa ukurasa, unakuja mstari mmoja: gari la michezo, viti viwili, paa la kukunja. Hapo watetezi wote wanatazama chini.

Orodha ninayoisema ni ya dada yangu, binti wa mama mkubwa, aliyekuwa muuguzi Leicester mpaka siku aliposema sasa basi, akaamua kurudi Tanga. Gari lenyewe ni Porsche Boxster la injini ya lita 2.7, la rangi ya fedha, si jipya wala si la makumbusho. Wanaoliona hudhani limetoka Ujerumani moja kwa moja, kumbe Boxster nyingi za enzi zile ziliunganishwa Finland, katika mji wa Uusikaupunki, kiwandani kwa Valmet, kuanzia 1997 hadi 2011. Limezaliwa Finland kwa jina la Kijerumani, likasajiliwa Uingereza, na sasa lilikuwa linatafuta namba ya Tanzania. Kwa kuhama, lilikuwa limemtangulia mwenyewe.

Habari zilimfikia shangazi kwanza, kama zinavyomfikia siku zote.

"Lina viti vingapi?"

"Viwili, shangazi."

"Bila dereva?"

"Pamoja na dereva."

Simu ikakaa kimya kidogo. "Haya," akasema. "Tutapokezana."

Asichekwe shangazi. Kwetu gari la ukoo hupimwa kwa msiba. Likitokea la kutokea Muheza au Korogwe usiku wa manane, linabeba wangapi? Linamchukua mgonjwa akiwa amelala? Linaingia gunia la mchele, sufuria za kuazima na wamama watano na kanga zao? Ndiyo maana Toyota Noah imepata heshima ambayo hakuna tangazo la biashara lingeweza kuipa: imezika watu, imepeleka wali wa harusi, imefika hospitali ya Bombo na mama mwenye uchungu kabla ya saa mbaya. Gari la viti viwili linafika msibani na mtu mmoja na mkoba wake. Kisha anashuka, amevaa vizuri, na wengine wote wanafika kwa bodaboda wakiwa na vumbi. Hilo halisameheki kirahisi.

Na kilichozidisha uchungu ni kwamba nafasi ilikuwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inampa anayehamisha makazi yake msamaha wa ushuru kwa nguo zake, kwa vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia alikotoka, na kwa gari moja. Moja tu. Dada angeweza kununua gari la watu wanane, akaliendesha Leicester muda unaotakiwa, akaja nalo. Kwa macho ya nyumbani, kila kilomita aliyoendesha Boxster ilikuwa kilomita aliyoinyima Noah ambayo haikuwahi kuwepo.

Nimeisoma ile sehemu ya sheria mara nyingi kuliko inavyostahili kusomwa na mtu asiye na gari bandarini, na kila mara kuna jambo linanishangaza. Gari linalosamehewa lisiwe basi wala basi dogo la kuchukua abiria zaidi ya 13. Lisiwe la kubeba mzigo unaozidi tani mbili. Basi. Yaani wanasheria walipokaa kufikiria ni gari gani la kulizuia mlangoni, waliyazuia yale yenye manufaa makubwa kabisa: basi na lori. Gari la viti viwili, lisilobeba watu wala mzigo, halikuwatia wasiwasi hata kidogo. Sababu inaeleweka. Forodha inaogopa biashara iliyovaa nguo za nyumbani. Basi ni nauli, lori ni kukodishwa. Starehe haina mnunuzi wa tiketi, kwa hiyo inapita.

Kisha linakuja sharti lenyewe. Mtu awe amelimiliki gari hilo yeye binafsi na amelitumia nje ya nchi za Jumuiya kwa miezi 12 au zaidi, na siku za safari ya melini zisihesabiwe. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu ile sheria. Shangazi anauliza gari ni la kazi gani. Majirani wanauliza limegharimu kiasi gani. Forodha, ambayo sote tunaisema kwa ukali wake, inauliza jambo lingine kabisa: umeishi nalo muda gani? Haimtaki mtu atoe sababu ya kukipenda kitu. Inamtaka athibitishe kwamba kitu hicho kilikuwa sehemu ya siku zake.

Na uthibitisho wake ni uchakavu. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ndani ya ofisi ileile uchakavu una sura mbili. Mfanyabiashara akileta gari kuukuu Tanzania, umri wake unamwadhibu. Likizidi miaka 8 linaongezewa kile ambacho watu wamekizoea kwa jina la ushuru wa uchakavu. Anayehama akileta gari jipya la dukani, ndiye anayetiliwa shaka. Kwake yeye kiti kilichopauka ni ushahidi mzuri. Kuchakaa kunakomgharimu mmoja kunamwokoa mwingine.

Dada alikuwa na ushahidi wa kutosha. Uingereza gari likifikisha miaka mitatu hupelekwa kwenye ukaguzi wa MOT kila mwaka, na kila cheti kinaandika maili zilizosomeka siku ile. Alikuja na vyeti vyake vyote ndani ya bahasha ya kaki. Nilivipitia nikiwa naye kwa wakala, tukisubiri kuitwa, na nikaona jinsi namba zinavyopanda mwaka hata mwaka: kidogo, kidogo, kisha mwaka mmoja zikaruka. Nikamuuliza huo mwaka ulikuwa na nini. Akasema ule ndio mwaka aliokuwa zamu za usiku. Akitoka kazini asubuhi usingizi ulikuwa haumjii, na chumbani alikuwa peke yake. Akawa anafungua paa, hata kwenye baridi, anawasha hita ya miguuni, anaendesha hadi ufuoni Lincolnshire, anatazama bahari isiyofanana na ya kwao, anarudi kulala. Kiti cha dereva kimechanika ngozi upande wa mlangoni, pale mtu anapojikwaruza akiingia na kutoka. Kiti cha pili kilikuwa kipya kabisa. Sikusema kitu. Ofisa alipoinama kusoma namba ya chasisi, naye aliviona vile viti.

Si kila nchi inauliza hivi. Marekani ina msimamo wake, na ni mgumu. Kwa sheria ya mwaka 1988, gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya kule haliruhusiwi kuingia na kubaki mpaka litimize miaka 25, labda ligeuzwe na mwagizaji aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Ukihama kutoka Ulaya na gari lako ulilolizoea, kuzoeana kwenu hakuhesabiki. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Bill Gates na Porsche 959, gari la turbo mbili na nguvu farasi 450 ambalo halikuwa na kibali cha Marekani. Lilikaa mikononi mwa forodha zaidi ya miaka kumi. Tajiri yule, ambaye programu zake ziliingia karibu kila ofisi duniani, hakuweza kuingiza gari moja kwake. Baadaye, mwaka 1999, ikaanza kutumika kanuni ya magari ya maonyesho: gari lenye umuhimu wa kihistoria au wa kiteknolojia likubaliwe, ila lisitembee zaidi ya maili 2,500 kwa mwaka, kama kilomita 4,000.

Tazama tofauti hiyo. Kule unaruhusiwa kuwa nalo kwa sharti kwamba usilitumie sana. Huku unaruhusiwa kwa sharti kwamba umelitumia. Mimi nasimama na hii yetu, na si kwa sababu ni yetu. Hata Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2009 kuhusu wanaohamia humo, unataka gari liwe limetumika na mwenyewe kwa miezi 6 kabla hajahama, na asiliuze kwa miezi 12 baada ya kulifikisha. Wazo ni lilelile. Gari linachukuliwa kuwa limeambatana na mtu, kama jina lake na makovu yake.

Lakini nikifika hapa nasita. Msamaha ni fedha za watu wengine. Tuseme gari, pamoja na nauli na bima, lina thamani ya shilingi milioni 30. Kwa viwango tulivyovizoea Tanzania, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 7.5. Injini ikizidi lita mbili, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unapigwa juu ya jumla hiyo, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya vyote. Mwisho wa hesabu ni milioni 18 na laki sita na ushei, kabla hujagusa tozo ndogondogo na huo uchakavu. Kijana anayeagiza Noah kutoka Japani aifanye ya kubeba abiria analipa kodi za namna hiyo zote, hata kama ni kwa mkopo wa kikundi. Muuguzi anayerudi na gari la kuchezea upepo anafunguliwa mlango. Nikimweleza yule kijana habari za miezi 12 na bahari ya Lincolnshire, atanisikiliza kwa adabu, kisha ataniuliza kama mimi nina akili timamu.

Jibu nililo nalo si la kumnyamazisha. Gari la kijana linaanza maisha yake hapa. Litatoa fedha hapa, na kodi ni sehemu ya biashara yake. Gari la dada lilikwisha kulipiwa kodi kule lilikouzwa, na kumtoza tena kwa sababu tu amehamisha kitanda chake ni kumtoza kwa kurudi. Na akiligeuza kuwa fedha, yaani akimuuzia mtu asiye na haki ya msamaha, kodi inaamka na kudai chake. Sheria imefikiria. Ila najua pia kwamba ni wachache mno wanaorudi na kitu cha kusamehewa, na kwamba wengi waliokwenda Ulaya na Ghuba walirudi na begi moja, au hawakurudi. Sina hesabu ya kulisawazisha hilo.

Ninachokataa ni ile hukumu ya nyumbani, kwamba aliyetoka ughaibuni hana ruhusa ya kurudi na kitu kimoja kisicho na faida kwa ukoo. Maana hukumu hiyo haitolewi kwa usawa. Zunguka Tanga, zunguka Moshi au Bukoba, uone nyumba za walioko nje: ghorofa mbili, kumbi tatu za kukaa, vyumba saba, na ndani yumo mlinzi mmoja anayelala kwenye kibanda cha getini. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenye nyumba vyumba vile ni vya nani. Anasifiwa kuwa amekumbuka kwao. Dada ameleta gari ambalo angalau nusu ya viti vyake ina mtu kila siku, naye ndiye anayeitwa mbinafsi. Nyumba tupu inaonekana ni ya ukoo kwa kuwa kila mmoja anaweza kujiona ndani yake. Gari la viti viwili halimpi mtu nafasi ya kujidanganya hivyo; linaonyesha wazi kwamba yako mambo ambayo mtu aliyafanya akiwa peke yake, na aliyapenda.

Labda hilo ndilo linalouma. Tulikuwa tumeridhika na hadithi kwamba kule wanateseka kwa ajili yetu. Hadithi ya kweli kwa sehemu kubwa. Fedha za shule za wadogo zangu zilitoka kwenye zile zamu za usiku. Ila asubuhi, baada ya zamu, kulikuwa na barabara, na upepo, na mtu mmoja akicheka peke yake kwenye kona. Hatukutumiwa picha ya hapo.

Safari ya melini nitaipita haraka, kwa kuwa hata sheria haiihesabu. Kutoka Southampton, meli zilizokuwa zikikatiza Suez nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, na mizigo inachelewa. Dada alitangulia, akakaa kwa mama yake, bila gari wala kazi, akiulizwa kila jioni limefika wapi. Angekuwa amehama kutoka Ujerumani, mambo yangekuwa mabaya zaidi: usukani ungekuwa kushoto, na sijui kama kuna adhabu kali kuliko kufuata lori la mbao kati ya Chalinze na Segera ukiwa na usukani wa kushoto, unachungulia nafasi ya kupita usiyoweza kuiona. Na angehamia Mombasa, umri ungemkwamisha, maana Kenya kwa kawaida haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mengi katika kuhama ni bahati ya upande na tarehe.

Tulilitoa Dar es Salaam alfajiri ili tukwepe foleni. Gari lenye uwezo wa kupita kilomita 250 kwa saa lilikwenda Tanga kwa mwendo wa kibao cha 50, kijiji hadi kijiji, kwa kuwa trafiki wa ile barabara wanajua kupiga tochi hata kabla jua halijachomoza vizuri. Kwenye rasta lilitetemeka mpaka miwani ikanishuka puani. Kwenye matuta dada alikuwa analipandisha kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka kizingiti na ndoo ya maji kichwani, na bado tulisikia tumbo likikwaruza. Hakusonya hata mara moja. Pale Segera tuliposimama kununua machungwa, watoto walilizunguka, mmoja akaweka kiganja chake juu ya tairi kupima urefu, akagundua kwamba gari lote lilikuwa linamfika kifuani. "Hili bado linakua?" akauliza.

Fundi wetu wa Ngamiani aliletewa siku ileile. Akafungua mbele, akakuta shimo la begi. Akazunguka akafungua nyuma, akakuta shimo lingine la begi, na pembeni vifuniko viwili, cha oili na cha maji. Akasimama akifuta mikono. "Dada, injini umeiacha bandarini?" Ilibidi aonyeshwe kwamba imo katikati, mgongoni mwa viti, imefunikwa, haionekani mpaka paa likunjwe nusu na mifuniko itolewe. Akavutiwa. Akalala chini ya gari na tochi ya simu, akakaa huko muda mrefu, na sauti yake ikawa inatoka chini ikitoa orodha: rejeta ziko mbele kabisa, mbili, kila moja na upande wake, zitajaa majani na vumbi, zisafishwe mara kwa mara, tairi za nyuma si saizi ya mbele, kwa hiyo huwezi kubadilishana, tairi ya akiba hakuna. Kisha akatoka na kusema lililokuwa moyoni mwake: linyanyuliwe. Aweke spesa kwenye shokapu, lipate nafasi ya kupita.

Dada alikataa. Gari likinyanyuliwa, alisema, si lile tena. Lilichorwa liwe chini. Hapo nikaingilia kati na hoja ambayo nilikuwa nimeiweka akiba. Porsche wenyewe, walipokuja Safari Rally mwaka 1978 na 911 zao mbili, hawakuthubutu kuja nazo kama zilivyokuwa Ulaya. Walizinyanyua mpaka zikawa kama sentimita 28 kutoka ardhini, zikaonekana kama zinatembea kwa vidole. Vic Preston Mdogo akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne. Mshindi alikuwa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504 Coupé, na hadi leo Porsche haijapata kushinda Safari, mashindano ambayo yalipoanza mwaka 1953 yalipita hata Tanganyika. Kama kiwanda kiliinama mbele ya barabara zetu, nikamwambia, muuguzi mstaafu atashindwaje?

Akafikiri siku kadhaa. Akakubali sentimita tatu, asiongeze hata moja.

Sentimita tatu zimesaidia karibu kila mahali isipokuwa tuta la kuingilia mtaani kwao, lililojengwa na wakazi wenyewe baada ya bodaboda kumgonga mtoto, na ambalo hakuna atakayekubali lipunguzwe. Akiwa peke yake linampisha. Akiwa na abiria, linagusa. Kwa hiyo siku za kliniki ya presha shangazi, ambaye sasa ndiye mwenye zamu nyingi kuliko wote kwenye kile kiti cha pili, anashushwa kabla ya tuta, anavuka kwa miguu na mkoba wake huku akiwaambia wanaotazama kwamba gari hili lina watu wake, halafu anafunguliwa mlango upande wa pili, anashikilia paa, anajirusha ndani kwa kurudi nyuma kama alivyofundishwa, na kumwambia mpwa wake akunje hilo turubai kabla hawajafika barabara kubwa.